Sellah na Maneno ya Watu

Sellah Nanyama hakuwa mwongo. Kama ungemwita mwongo siku zile, kabla ya Agosti ya mwaka 1949, angelia machozi ya kweli, na nusu ya Kabuchai, kijiji chake, ingekuja kumtetea. Hakuwahi kuiba wala kumsengenya mtu, na ukimwachia chungu chako akutunzie, ungekikuta safi kuliko ulivyokiacha. Shida yake ilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kumwona mtu akiumizwa na neno. Neno chungu likipitia kwake lilitoka tamu.

Tabia hiyo aliianza akiwa na miaka saba. Baba yake, Wabwile, alimwazima jirani jembe bila kumuuliza mkewe, na kwa sababu ya jembe hilo wazazi wake wakanyamaziana msimu mzima wa mvua. Walilala nyumba moja na kulima shamba moja, lakini kila neno lao lilipitia kwa Sellah.

"Mwambie baba yako chakula kipo," mama alikuwa akisema. "Akitaka ale, asipotaka ampe mbwa."

Mtoto alikimbia mpaka zizini. "Baba, mama anasema njoo ule. Leo amekupikia vizuri."

"Mwambie mimi si mtu wa kuitwaitwa."

"Mama, baba anasema asante, anakuja."

Kabla wimbi halijaiva, wazee wale walikuwa wanacheka pamoja, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyelegea kwanza. Bibi yake alipogundua kilichotendeka alimnyanyua juu, akamwambia ana ulimi wa asali, akampa mkungu mdogo wa ndizi mbivu, wake peke yake. Hakuna aliyemwonya. Nani amwonye mtoto aliyepatanisha nyumba?

Basi akakua hivyo. Aliolewa na Nyongesa, mtu mpole aliyekuwa akiendesha plau ya ng'ombe kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Miaka kumi waliishi kule, na majirani wao kwenye vibanda vya wafanyakazi walikuwa watu kutoka Nyeri. Sellah alipalilia mahindi na wanawake wale, akazalishwa na mmoja wao, akajifunza Kikuyu mpaka akawa anaota kwa Kikuyu. Waliporudi nyumbani Kabuchai na kujenga, hakukuwa na mtu mwingine upande ule wa mto Kuywa aliyejua lugha hiyo.

Ndiyo maana, Wekoye alipotaka kuoa, watu walimjia Sellah.

Wekoye alikuwa mwana wa kwanza wa Walubengo, mzee wa kanisa ambaye maombi yake yalijulikana kwa urefu. Kijana alifanya kazi ya kupima magunia ya mahindi pale stesheni ya Kitale. Kanisani huko huko ndiko alikompata Wacera, binti wa fundi mmoja wa mikokoteni aliyeitwa Hiram Gikonyo. Vijana wenyewe hawakuwa na tatizo la lugha. Tatizo lilikuwa la wazazi. Walubengo alijua Kiswahili cha kununulia chumvi, na Hiram alijua Kiswahili cha kubishania bei ya gurudumu, lakini Kiswahili cha namna hiyo hakitoshi kuozesha watoto.

Kwa hiyo mwezi wa Aprili, Walubengo, mkewe Nekesa na Sellah walipanda lori la mahindi mpaka Kitale kwenda kujitambulisha.

Hiram aliishi nje kidogo ya mji, kwenye nyumba iliyozungukwa na magurudumu. Mengine yalikuwa mapya na meupe, mengine yamevunjika yakingoja kutengenezwa, na kuku walitaga ndani yake. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na kila mara alikuwa na kipande cha penseli sikioni. Mkewe, Nyaruai, alikuwa mrefu na mwenye maneno machache. Pamoja nao alikuwapo Gicheru, kaka mkubwa wa Hiram, mzee wa nywele nyeupe kabisa ambaye aliketi karibu na mlango na kuwatazama wageni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Wacera alipoleta chai, Nekesa alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema kwa Kibukusu, lugha ya kwao, tena bila kushusha sauti, "Huyu mtoto ni mwembamba kama bua la wimbi. Kuni za kwetu atazibeba kwa mgongo gani?"

"Amesemaje?" Nyaruai akauliza.

"Anasema binti yako ana mwendo mzuri," Sellah akajibu kwa Kikuyu. "Kama bua la wimbi likipepewa na upepo."

Nyaruai akainamisha kichwa kidogo. "Mshukuru. Halafu mwulize, huko kwao maji yako karibu? Mimi Mungu amenipa msichana mmoja tu. Sitaki azeekee njiani kwenda mtoni."

Sellah akatafsiri, na Nekesa, ambaye hakujua kuzunguka, akajibu, "Mwambie kweli. Mto uko mbali. Unashuka bonde, unapanda kilima, na kilima chenyewe ni cha kukutoa roho. Mimi mwenyewe magoti yangu yameishia pale."

Sellah alimtazama Nyaruai. Aliona uso wa mama anayengoja, na moyo ukamwenda mbio kama zamani zizini kwa baba yake. "Maji yako hapo chini tu," akasema. "Unayaona kutoka mlangoni."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Nyaruai akatabasamu. Mzee Gicheru akakohoa na kusema kwamba lugha ya watu hawa ni kama mtu anabingirisha mawe ndani ya kibuyu. Sellah akawaeleza wenzake kwamba mzee anasifu lugha yao, ati ina nguvu. Walubengo akafurahi sana, akaomba dua ndefu ya shukrani. Wakaagana vizuri, na siku ikapangwa: mwezi wa nane, mahindi ya kwanza yakikomaa, watu wa Kitale watakuja kuona boma la Kabuchai.

Wacera aliwasindikiza mpaka barabarani. Alimwacha Nekesa na Walubengo watangulie, akatembea polepole kando ya Sellah, akasema kwa sauti ya chini, "Mulembe, mayi."

Sellah akasimama. Ilikuwa salamu ya kwao, amani, mama, imetamkwa barabara.

"Wekoye amenifundisha miaka miwili," Wacera akaendelea, kwa Kibukusu cha taratibu lakini kilichonyooka. "Nilitaka iwe siri mpaka siku ya harusi, nimfurahishe mama yake. Sasa leo nimesikia yote. Bua la wimbi, na mgongo, na kile kilima."

Sellah alitamani kuingia chini ya lori. "Mwanangu, nilikuwa nataka tu…"

"Najua ulichotaka, na wala sijakasirika. Mimi kweli ni mwembamba." Msichana akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini mayi, nyinyi wengine mtasema maneno hayo na kwenda zenu. Mimi ndiye nitakayeishi ndani yake. Mama yangu akija akautafuta ule mto mlangoni, atamwita mama mkwe wangu mwongo, na yeye alisema kweli. Tafadhali, siku watakayokuja, waambie yaliyo."

Sellah akaahidi, tena kwa mkono juu ya kifua. Juu ya lori alikaa kwenye magunia, amewapa wenzake mgongo, mpaka Kiminini. Kilichomchoma hakikuwa kushikwa. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amemgeuza Nekesa, mtu mkweli kuliko wote aliowajua, kuwa mwongo, na Nekesa mwenyewe hakuwa na habari.

Hata hivyo alipofika nyumbani moyo ulikuwa umetulia. Alidhani ahadi ni kama nguo, ukishaivaa imekukaa. Miezi ile minne hakufanya lolote zaidi. Mwanakwaya alimuuliza kama kitambaa chake kipya kimempendeza, naye akasema kimempendeza sana. Jirani alimwonjesha maharagwe yaliyoungua, akasema hajawahi kula mazuri kama hayo. Kila mara alijiambia kwamba ahadi yake ilihusu siku moja tu, na siku hiyo ikifika atakuwa tayari.

Siku ikafika, Jumamosi yenye jua. Mlima Elgon ulionekana wote, bila wingu hata moja. Boma la Walubengo lilikuwa limefagiwa mpaka vumbi likaisha. Mbuzi alichinjwa tangu alfajiri, kuku wanne wakapikwa, ugali wa wimbi ukasongwa, na Nyongesa, mume wa Sellah, aliwekwa kwenye majiko ya nje kuchoma mbavu kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Wekoye, kwa heshima ya wakwe, alijiweka mbali nyuma ya ghala akipasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Wageni walishuka kwenye lori saa tano. Hiram alikuwa na koti, Gicheru na fimbo, Wacera na kikapu cha viazi na njahi, maharagwe meusi ya kwao. Salamu zilipokwisha, Nyaruai alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyumba, akageuka, akatazama nje. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mto uko wapi?" akamuuliza Sellah.

Wacera alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Sellah alifungua mdomo kusema kweli, na kweli alikuwa nayo pale pale kwenye ulimi. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Migomba imeuziba. Mwaka huu imestawi sana."

Alijisikia kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema. Wacera akainamisha uso.

Waliketi. Kwa desturi ya pale, mgeni mkubwa ndiye anayeanza kupewa kuku, kwa hiyo Nekesa mwenyewe aliingia na sinia, akapiga magoti kwa shida, akaliweka mbele ya mzee Gicheru. Kuku alikuwa mzima, amekaangwa akapikwa na mchuzi mzito, na firigisi imewekwa juu, sehemu ya heshima kuliko zote.

Gicheru akamtazama kuku, na kuku akawa kama anamtazama yeye.

"Sellah," mzee akasema kwa Kikuyu, "mwambie mama huyu asante, lakini mimi sili ndege. Kwetu zamani mwanamume mzima hakula ndege. Mimi nilikua nikijua kuku ni wa kuamsha watu asubuhi. Siwezi kuanza leo."

Sellah akamtazama Nekesa. Kumrudishia Nekesa kuku, tena firigisi! Katika Kabuchai yote hakuna tusi zaidi ya hilo. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Na ulimi ukafanya kazi yake ya miaka yote.

"Mzee anashukuru sana," akasema kwa Kibukusu. "Lakini leo amefunga."

"Amefunga?" Walubengo akasogea mbele kwenye kiti.

"Ndiyo. Anafunga… kwa ajili ya watoto."

Walubengo alisimama. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mzee wa umri huu," akasema, "ametoka Kitale juu ya lori, na tumbo tupu, kwa ajili ya mwanangu! Na mimi nijaze tumbo mbele yake? Hapana. Nekesa, rudisha chakula. Nyumba yangu yote inafunga pamoja naye. Hakuna atakayeonja kitu hapa mpaka jua litue."

Nekesa alimtazama mumewe kama mtu aliyepikia upepo tangu alfajiri, lakini akainuka. Kuku akatoka. Ugali wa wimbi ukatoka, na moshi wake. Ndizi zikatoka. Na mlangoni, Nyongesa aliyekuwa anaingia kwa furaha na sinia la mbavu za mbuzi, mafuta bado yanachemka juu yake, aliambiwa ageuke arudi alikotoka.

Mzee Gicheru alilifuata sinia lile kwa macho mpaka likapotea.

"Sellah," akauliza, "kwa nini mbuzi anarudi? Mbuzi amekosa nini?"

"Wanataka kuomba kwanza, mzee."

Hilo angalau lilikuwa kweli, maana Walubengo alikuwa ameshafumba macho. Aliomba kuhusu Ibrahimu na Isaka na Rebeka. Aliomba kuhusu mvua, na reli, na wafalme. Kila alipokaribia mwisho alikumbuka kufunga kwa mgeni wake, akapata nguvu mpya. Katikati ya maombi tumbo la Hiram lililia kwa sauti ndefu kama mlango usiotiwa mafuta. Upepo ukaleta harufu ya mbavu ndani. Sellah alifungua jicho moja, akamwona Wacera ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Alidhani anacheka. Kisha msichana akainua uso, na Sellah akaona kwamba kucheka kumechanganyika na machozi.

Walubengo aliposema amina, Sellah alikuwa tayari amesimama.

"Mzee hakufunga," akasema.

Alisema kwa Kibukusu, na kabla hajapoteza nguvu akasema kwa Kikuyu pia. Halafu ikabidi aendelee hivyo hivyo, kila sentensi mara mbili, kama mtu anayejichapa mkono wa kulia na wa kushoto.

"Mzee alisema hali ndege, ni desturi ya kwao. Mimi ndiye niliyesema amefunga. Niliogopa Nekesa ataumia. Na si leo tu. Kule Kitale, Nekesa alisema mto uko mbali, kuna bonde na kilima, na magoti yake yameishia huko. Mimi ndiye niliyesema uko mlangoni. Hakuna migomba iliyoziba kitu. Nekesa hajasema uongo hata mara moja. Mwongo ni mimi."

Shoka la Wekoye likasikika nyuma ya ghala, likipasua kuni zisizohitajika.

"Nimemwambia Mungu kuhusu mfungo ambao haukuwepo," Walubengo akasema polepole. "Nusu saa nzima."

Hapo Gicheru akamvuta Sellah nguo. "Subiri. Kwa hiyo mbuzi amerudi kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa sababu nimekataa kuku?"

"Ndiyo."

"Mwambie mwenye nyumba," mzee akasema, akipiga fimbo chini, "kwamba mimi na mbuzi hatuna ugomvi wowote. Hatujawahi kuwa nao!"

Sellah akatafsiri neno kwa neno. Walubengo alijaribu kukaa na uso wa mzee wa kanisa, akashindwa. Alianza kutikisika tumbo, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Hiram akafuata kabla hata hajaelewa vizuri. Nekesa alicheka mwisho, na alipomaliza akafuta macho, akauliza, "Na yale mengine? Niliposema mtoto ni mwembamba, uliwaambia nini?"

Ikabidi yote yarudiwe, bua la wimbi na mawe ndani ya kibuyu. Gicheru alikubali bila aibu kwamba kweli alisema mawe, na kwamba bado ni mawe, ila sasa anaanza kuyazoea. Wacera akaona hakuna tena sababu ya kuficha, akamwambia Nekesa kwa Kibukusu, "Mama, mgongo ni mwembamba lakini hubeba debe mbili." Nekesa aliposikia lugha yake ikitoka kinywani mwa msichana yule alipiga kigelegele kilichowaogofya kuku.

Nyaruai peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Sellah.

"Nilikuuliza mama kwa mama," akasema. "Kuhusu mtoto wangu mmoja."

Kwa mara ya kwanza maishani Sellah hakutafuta jibu tamu. "Ndiyo," akasema. "Uliniuliza, na nikakudanganya."

Nyaruai akainuka, akajifunga leso kiunoni. "Twende nikauone mto huo. Chakula kitangoja."

Wakaenda wote watatu: Nyaruai mbele, Nekesa na fimbo ya Gicheru, Sellah nyuma na mtungi. Walishuka bonde. Maji ya Kuywa yalikuwa mengi na baridi, yakipita kwenye mawe meusi, na Nyaruai alinawa uso akanywa kwa viganja. Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Nusu ya kilima Nekesa alisimama, akashika magoti, akasema kwa Kiswahili chake chote, "Hapa. Hapa mimi nakufaga kila siku." Nyaruai akampa bega. Wakaja wameshikana hivyo mpaka juu, wakihema, na walipofika kwenye migomba walikuwa wanacheka jambo ambalo Sellah hakulisikia wala hakuombwa kulitafsiri.

"Mto ni mbali," Nyaruai akamwambia mumewe. "Lakini maji ni mazuri, na huyu mama hadanganyi."

Hiram alitoa penseli sikioni. "Kilima kikoje? Ng'ombe mmoja anaweza kuvuta pipa?" Akaanza kuchora juu ya ubao wa meza, gurudumu na ekseli pana. Kisha akamgeukia Sellah, bila hasira, kama fundi anayeonyesha mwanafunzi wapi msumari umepinda. "Kama ungeniambia tangu Aprili," akasema, "huu mkokoteni leo tungekuja nao."

Katika yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo lililoingia ndani kuliko yote. Maisha yake yote alidhani neno chungu linaumiza tu. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna kazi ambayo mtu angependa kuifanya, kama akipewa nafasi.

Chakula kikaliwa saa tisa, kimepoa nusu, na hakuna aliyekumbuka kulalamika. Gicheru alimaliza mbavu za upande mmoja. Nekesa alimla yule kuku yeye mwenyewe, na firigisi yake, jambo ambalo mama yake mzazi asingethubutu, maana zamani wanawake wa kwao hawakula kuku, akasema ni kuku mtamu kuliko wote aliowahi kuwapikia watu wengine.

Jioni Sellah na Nyongesa walirudi kwao kwa miguu. Nyongesa alinuka moshi wa nyama. Walitembea mpaka karibu na kanisa, ndipo akauliza, "Na mimi je? Kuna neno ulilonitilia asali?"

Sellah alijua lipo. Alihesabu hatua kumi, na ishirini. Hapo hapakuwa na watu wa kucheka wala mbavu za kurudishwa. Alikuwapo Nyongesa tu, mtu aliyempenda.

"Kuimba kwako," akasema. "Nilikuambia unaimba vizuri, miaka kumi na tano iliyopita, tulipokuwa tunachumbiana. Huimbi vizuri, baba Nanjala. Unaimba juu ya wimbo, si ndani yake."

Nyongesa aliongeza mwendo. Siku mbili hakusema kitu, na Sellah alizipitisha siku hizo mbili bila kuweka sukari juu ya neno lile, ingawa kila saa ilimjia hamu ya kumwambia alikuwa anatania. Siku ya tatu Nyongesa alikwenda kwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, alikokuwa akiimba, akamuuliza kama ni kweli. Mwalimu, ambaye alikuwa akiliombea jambo hilo tangu apewe kazi, alimshika mikono yote miwili. Wakafundishana jioni nne kwa wiki. Sauti haikuwa nzuri hata baadaye, lakini iliingia ndani ya wimbo, na Nyongesa alipoigundua tofauti hiyo kwa masikio yake mwenyewe alirudi nyumbani mbio kumweleza mkewe, akiwa na furaha kama mzee aliyeota meno upya.

Kwa Sellah haikuwa kazi ya siku moja. Alijifunza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, na watu wa Kabuchai mwanzoni walidhani anaanza kuwa kiziwi. Katika kunyamaza huko alitafuta njia ya kusema jambo lilivyo bila kumpiga mtu nalo, na mara nyingine aliipata. Mara nyingine hakuipata. Jirani wa maharagwe alikasirika wiki nzima, kisha akaja kuazima chungu kingine kisichounguza. Walipooana Wekoye na Wacera mwezi wa Desemba, kanisa likiwa limejaa watu wa Kitale na wa Bungoma, Sellah alisimama mbele akatafsiri kila kitu kilivyosemwa, pamoja na hotuba ya Gicheru kuhusu urefu wa maombi ya mwenye nyumba. Watu walicheka mara mbili, kwanza upande mmoja wa kanisa, halafu wa pili.

Mwaka uliofuata Wacera alijifungua mtoto wa kike. Nyaruai alikuja kutoka Kitale na mzigo wa njahi, na Sellah alipopata habari aliacha jembe shambani akakimbia, maana bibi wawili wa mtoto mmoja hawawezi kukaa bila mkalimani.

Aliwasikia kabla hajafika. Nekesa na Nyaruai walikuwa wamesimama juu ya beseni, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa mtoto.

"Wewe hapana jua!" Nekesa alikuwa anasema. "Mutoto naoshwa maji ya moto!"

"Ya moto nani? Hii iko supu? Maji vuguvugu!"

"Vuguvugu ni nini?"

"Vuguvugu ni… ni kama wewe, asubuhi!"

"Mama Sellah, karibu," Wacera akasema kutoka kitandani, amejaa kicheko. "Chai iko hapo. Kaa tu."

Sellah alikaa. Nyaruai alisema jambo kuhusu magoti ya Nekesa, na Nekesa akaelewa kwamba ni kuhusu magoti ya mtoto, akajibu kwa ukali, na wote wawili wakaendelea kubishana kwa furaha, kila mmoja kuhusu magoti yake. Sellah alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akajimiminia chai, akaongeza maziwa.